Likizo ya Kilifi na mbwa: Agosti au Desemba, na nipange vipi?

MkaaziRuiru
Habari za jioni wadau. Tuna Labrador jike wa miaka minne, kilo 28, hajafungwa uzazi. Tunapanga siku sita Kilifi, si mjini bali kwenye nyumba ya shambani ambayo unatembea kwa miguu hadi ufuo wa Bofa. Tunaweza kwenda Agosti au Desemba. Tutatumia gari letu, na nilifikiria tukifika Voi tukatize Tsavo East hadi lango la Sala ili tutokee Malindi. Naomba ushauri kuhusu njia, chanjo, na hali ya ufuoni kwenyewe.

BarabaraKuu
Njia ya Tsavo iondoe kabisa. Mbwa haruhusiwi kuingia hifadhi za taifa zilizo chini ya KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya), hata akibaki ndani ya gari. Utarudishwa langoni ukiwa umeshapoteza ubaridi wote wa asubuhi. Shuka na barabara kuu hadi Mariakani, kata kushoto, pitia Kaloleni, utokee Mavueni karibu na daraja la Kilifi. Hapo umekwepa Mazeras, Changamwe na foleni ya Mtwapa kwa mpigo mmoja.

Ondokeni saa kumi alfajiri ili Voi muipite kwenye saa nne na nusu, maana kuanzia pale joto ndilo linalotawala safari. Chakula chake cha mwisho kiwe saa mbili usiku, kidogo kuliko kawaida. Asubuhi mpe maji tu. Mbwa wa kilo 28 hunywa kama lita moja na nusu kwa siku, na kwenye joto zaidi ya hapo, kwa hiyo bebeni lita tano zake peke yake. Simameni kila baada ya saa mbili: Emali, Mtito Andei, Voi.

Vituo vya malori vina mifupa ya kuku, mafuta yaliyomwagika na dawa ya panya. Mfunge kamba kabla mlango haujafunguliwa, kwa sababu mbwa wengi wanaopotea safarini huponyoka sekunde ile ile. Wala asiachwe garini mkienda kula. Gari likizimwa juani, joto la ndani hupanda karibu digrii 10 kwa dakika 10, na kushusha vioo kidogo hakusaidii.

TibaMifugo
Agosti, bila kusita. Ni wakati wa kusi, upepo ni mwingi na jua si kali. Desemba kaskazi imeingia, kuna joto na unyevunyevu, na Labrador hajui kuacha kukimbia. Akianza kuhema kwa kelele, fizi zikawa nyekundu sana na akayumba, mlowesheni tumbo, kwapa na nyayo kwa maji ya kawaida ya bomba huku mkimpepea. Msingoje barafu. Acheni kumpoza joto la mwili wake likishuka hadi digrii 39.5, halafu mpelekeni kwa daktari hata kama amesimama.

Anza maandalizi wiki sita kabla. Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe haijapita mwaka; ikiwa ni ya kwanza, iwe na siku 21 au zaidi siku ya safari. Cheti ukiweke garini. Chanjo ya leptospira (homa inayoenezwa na mkojo wa panya) usiiruke, kwa kuwa mashambani kuna panya na madimbwi. Ya mara ya kwanza hutolewa mara mbili, kwa kupishana wiki mbili hadi nne. Kwa kupe, mpe kidonge badala ya mkanda wa shingoni. Mbwa anayeoga baharini kila siku huupunguzia mkanda nguvu.

Hesabu pia tarehe zake za joto, yaani siku anazotaka dume. Kama zinaangukia likizo, badilisha likizo. Madume ya kijijini yatazingira nyumba usiku kucha, na mengi hayana chanjo.

Kila jioni pekua vidole vyake. Kilifi kuna funza, na nyumba ya sakafu ya udongo ndiyo makao yao. Ulizia sakafu ya saruji kabla ya kulipa.

MwanaBofa
Wengi hupanga likizo kwa kalenda ya shule, kumbe ufuo una kalenda yake. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni bamvua: maji hujaa kwenye saa kumi na hupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Siku hizo tembeeni kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi. Saa kumi jioni mawimbi yanagonga kuta na hakuna pa kupita. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na saa zinageuka: kupwa kunakuwa saa kumi jioni, basi tembeeni jioni. Kila siku ongeza kama dakika 50. Mchanga upime kwa kugeuza kiganja: usipovumilia sekunde saba, nyayo zake hazitavumilia.

Mpe maji matamu kila robo saa. Akinywa ya chumvi atatapika na kuharisha mchana wote. Msuuze kabla hajalala. Kwenye miamba ya matumbawe msimpeleke. Inakata nyayo kama kioo.

Jambo moja la heshima, na kwetu ni kubwa. Majirani wengi ni Waislamu, na mate ya mbwa ni najisi: chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Njooni na bakuli na sufuria zake, mwambieni mtunza nyumba mapema kuwa mna mbwa, na akae mbali na msikiti, nyavu na samaki walioanikwa. Kuku na mbuzi wa watu wanazurura, kwa hiyo kamba isitoke.

MkaaziRuiru
Asanteni sana, tumeamua Agosti. MwanaBofa, huyu hula chochote anachookota. Kuna cha kuogopa mchangani?

MwanaBofa
Bunju. Yule samaki anayejivimbisha hutupwa ufuoni akiwa amekufa, na sumu yake haiishi kwa kukauka wala kupikwa. Mbwa huanza kulegea miguu, kisha pumzi inakata, na dawa ya kuiondoa sumu hiyo haipo. Mfundisheni neno la "acha" kuanzia sasa, na mkiona anatafuna samaki asiyejulikana, nendeni kwa daktari bila kusubiri dalili. Pia, mkiona alama za kasa zinazopanda kutoka majini, mzungusheni mbali. Mayai hukaa mchangani karibu miezi miwili, na mbwa huyafukua kwa dakika chache.

TibaMifugo
Naongeza: mkirudi Ruiru msilegeze macho kwa wiki tatu. Homa za kupe huchelewa. Akikataa chakula, fizi zikipauka au mkojo ukawa rangi ya chai ya rangi, apimwe damu siku hiyo hiyo, na mwambieni daktari alikuwa Pwani.