Naomba ushauri: vinili haishiki kwenye plastiki yenye vipele

Ndugu zangu, naomba msaada wa mwenye uzoefu wa kubandika vinili (stika ya plastiki yenye gundi nyuma) kwenye plastiki isiyo laini, ile yenye vipele vidogo kama ngozi, kwa kuwa nimejaribu mara 3 na kila mara kingo zimeinuka kabla ya siku 2 kwisha. Ni maandishi ya vifuniko vya masanduku ya vifaa. Nilisafisha kwa maji ya sabuni, nikafuta kwa spiriti, nikaacha pakauke, kisha nikakandamiza kwa kadi ngumu. Hata hivyo, nilipobandua herufi moja niliona gundi imegusa vilele vya vipele tu, na katikati yake kumebaki hewa. Nafahamu pia kwamba plastiki ya polipropilini haipokei gundi kwa urahisi, hata ikiwa laini. Je, nitumie vinili nyembamba zaidi yenye gundi kali, niipashe joto huku nikiikandamiza, au nipake kwanza dawa ya kusaidia gundi kushika? Kupiga msasa sipendi, maana alama zake hazifutiki. Zinazonisumbua zaidi ni herufi ndogo, za urefu wa sentimita 2.