Vidonge vya majira: homoni mbili au moja?

Bi Mkubwa: Mama ananyonyesha mtoto wa miezi mitatu, presha yake iko sawa. Kati ya Microgynon Fe ya homoni mbili na Microlut ya homoni moja, kipi kinamfaa?

Mfamasia_wa_Zamu: Kwa sasa Microlut. Microgynon ina homoni ya estrojeni inayoweza kupunguza maziwa. Anayenyonyesha husubiri mtoto atimize miezi sita. Ila Microlut inataka saa ileile kila siku. Hedhi ikisharudi, akichelewa zaidi ya saa tatu ameze papo hapo na kutumia kondomu siku mbili. Vidonge vyote 35 ni vya dawa. Pakiti ikiisha, kesho yake anafungua nyingine.

NesiTabu: Microgynon inasamehe zaidi. Umesahau kimoja au viwili? Meza mara ukikumbuka, kinachofuata kwa saa yake, hata kama ni viwili siku moja. Vikifika vitatu mfululizo, endelea kumeza na utumie kondomu siku saba. Kama ni wiki ya tatu, maliza vya dawa, tupa vile saba vya kahawia visivyo na homoni, anza pakiti mpya. Wengi huponzwa na kuchelewa kufungua pakiti: vile vya kahawia ni madini ya chuma tu, kwa hiyo ovari zimekaa wiki nzima bila homoni, na kila siku ya ziada inazipa nafasi ya kupevusha yai. Ukitapika ndani ya saa mbili, meza kingine.

Daktari_Mstaafu: Microgynon si ya kununua kabla ya kupima presha. 140/90 kwenda juu, hapana. Pia mvutaji sigara wa miaka 35 na zaidi, mwenye kipandauso cha kuona vimulimuli, au aliyewahi kuganda damu mguuni. Anayetibiwa TB kwa rifampisini asitegemee aina yoyote kati ya hizi, ini linaziondoa mapema mno. Sindano ya miezi mitatu au kitanzi ni afadhali. Amoksilini haina neno, hayo ni ya mtaani. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana au macho yakififia ghafla, acha vidonge, hospitali siku hiyohiyo.

Bi Mkubwa: Mtoto akitimiza miezi sita, akihamia Microgynon itabidi asubiri hedhi?

NesiTabu: Hapana. Kama Microlut alikuwa anaimeza sawasawa, leo cha mwisho, kesho cha kwanza cha Microgynon, bila kondomu ya kuziba pengo. Kondomu ya kujikinga na Ukimwi ni habari nyingine, vidonge hivi havizuii.