Pantografu za treni: almasi, mkono mmoja au umbo la T?

Mtazama_Reli: Wakuu, juu ya Mchongoko, treni ya umeme ya SGR ya Tanzania, kuna pantografu, kile kifaa cha kuchukua umeme: mkono mmoja uliojikunja kama goti, unagusa waya. Treni za zamani za Japani zina ule wa umbo la almasi. Upi bora?

Fundi_Umeme: Mkuu, almasi ndiyo kongwe, ilianzia Oakland, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1900. Ni imara, ila ina vyuma vingi, nzito, inakula nafasi kubwa kwenye paa. Mwaka 1955 Mfaransa Louis Faiveley akaleta ya mkono mmoja. Hapo uzito ndio kila kitu: waya haujanyooka kabisa, na pantografu nyepesi inaufuata upesi. Nzito ikichelewa inaachana na waya, cheche zinaruka, waya na kaboni (kile kipande cha juu kinachosugua waya) vyote vinalika. Kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa kama wetu, nachagua mkono mmoja.

Mtazama_Reli: Goti likitazama mbele au nyuma kuna shida?

Fundi_Umeme: Hapana, imeundwa kwenda pande zote.

Mdau_Osaka: Msisahau kelele. Shinkansen 500, treni ya kasi ya Japani ya mwaka 1997, ilifungwa ya umbo la T: nguzo moja, juu yake bawa. Upepo ukapita bila makelele mengi. Hata hivyo, treni hizo zilipofupishwa kuwa za mabehewa 8 zilirudishiwa mkono mmoja.

Mzee_wa_Stesheni: Wanangu, mnabishana umbo, angalieni na umeme wenyewe. Treni inayovuta megawati 5 kwenye waya wa volti 25,000 inahitaji ampea 200 hivi. Kwenye volti 1,500, kama Uholanzi, zinapita 3,300! Ndiyo maana kule kichwa cha treni mara nyingi huinua pantografu mbili. TGV, treni ya kasi ya Ufaransa, ilipovunja rekodi mwaka 2007, kilomita 574.8 kwa saa, iliinua moja tu.

Binti_Moro: Shikamoo mzee. Na ile kaboni ikivunjika njiani?

Mzee_wa_Stesheni: Marahaba mwanangu. Ndani ya kipande cha kaboni kuna njia nyembamba ya upepo wa kompresa, ule unaoinua pantografu. Kaboni ikipasuka au ikilika mno, upepo unavuja, pantografu inajishusha yenyewe kabla haijararua waya. Ukinunua pantografu, uliza hicho kwanza, umbo baadaye.

Fundi_Umeme: Hapo mzee nakubali. Na waya hupangwa zigizaga ili kaboni isichimbike sehemu moja.