Naomba ushauri: nanasi na embe za kuoka zinajaa maji chini

Habari za leo wadau. Baba mkwe kaambiwa kliniki apunguze sukari, naye asipopata kitu kitamu baada ya chakula cha usiku anaona kama hajala. Kwa hiyo namuokea matunda. Nakata nanasi na embe dodo vipande, nakamulia ndimu, natia iliki na mdalasini, juu natandaza oti nilizochanganya na nazi iliyokunwa na karanga za kutwanga. Sukari siweki kabisa, dodo likiiva vizuri linatosha.

Shida ni nanasi. Sina oveni, napalia mkaa: moto kidogo chini, makaa mengi juu ya mfuniko. Juu panashika rangi safi, harufu ya nazi inafika hadi kwa jirani, lakini ukichota chini ni mchuzi mtupu na oti zimelowa. Nilikaushe nanasi kwanza kwenye kikaango, au nitie kijiko cha unga wa muhogo? Kuna aliyenishauri tende, ila tende nazo sukari yake si ya mchezo.

Na wenye wagonjwa wa kisukari nyumbani, huwa mnawapakulia kiasi gani?