Naomba ushauri: niwajibuje wanaosema albamu isiyovuma haikuwa nzuri?

Mpenda Santuri

Ndugu zangu wapenzi wa muziki, salaam.

Nina marafiki ambao hukutana nao kusikiliza albamu nzima, kuanzia kibao cha kwanza hadi cha mwisho, kisha tunaijadili, na kila mmoja huleta chaguo lake kwa zamu. Tatizo langu ni kwamba kila ninapopendekeza bendi ambayo haikuvuma, wenzangu hunijibu kwa methali ile ile: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa maoni yao, muda umekwisha kuuchuja muziki wa zamani, na kilichobaki midomoni mwa watu ndicho kilichostahili kubaki. Sikubaliani nao hata kidogo, lakini nikijaribu kujitetea nabaki kusema kwamba albamu ni nzuri, wao wanasema ni ya kawaida, na mjadala unafia hapo.

Ninaomba mnisaidie katika mambo mawili. Kwanza, nijengeje hoja isiyoishia kwenye ladha ya mtu? Pili, zamu yangu ijayo niwapelekee albamu gani? Wanapenda zaidi roki na soul za miaka ya 1960 na 1970, ingawa hawabagui.

Nyuzi Sita

Mkuu, methali hiyo inafaa pale ambapo bidhaa imefika sokoni, na albamu nyingi zilizopuuzwa hazikufika. Waeleze habari za Big Star, bendi ya Memphis, Marekani. Albamu yao ya kwanza, #1 Record, ilitoka mwaka 1972 na wahakiki wakaisifu sana, lakini kampuni ya Stax, iliyokuwa na jukumu la kuisambaza, ilishindwa kuifikisha madukani. Baadaye Stax ikaingia mkataba na kampuni ya Columbia, na huko nako santuri hizo hazikupata mtu wa kuzishughulikia. Chris Bell, aliyetunga na kuimba sehemu kubwa ya albamu ile pamoja na Alex Chilton, aliondoka kwenye bendi, na Radio City ya mwaka 1974 ikakutana na balaa lile lile. Albamu ya tatu ilirekodiwa mwaka 1974 ikakaa hadi mwaka 1978 ndipo ikatoka. Mwishoni mwa mwaka huo huo Bell alifariki katika ajali ya gari akiwa na umri wa miaka 27.

Sasa waulize wenzako: msikilizaji aliyesoma sifa za albamu kwenye gazeti, akaenda dukani na kuikosa, je, ameikataa? Hakuna aliyeichuja albamu hiyo, kwa sababu haikupata nafasi ya kuchujwa. Wanamuziki wachache walioipata hawakuiachia. R.E.M. na The Replacements, ambazo zilivuma miaka ya 1980, zilikiri waziwazi kwamba zilijifunza kwa Big Star. Kwangu mimi huo ni ushahidi mzito kuliko chati.

Besi Nzito

Naunga mkono sehemu kubwa ya maelezo ya Nyuzi Sita, lakini kuna jambo naomba lisipite hivi hivi. Kudhulumiwa na msambazaji si ushahidi wa ubora. Zipo albamu chungu nzima ambazo hazikufika madukani na ambazo hata zingefika zisingemtikisa mtu, na mimi nimechoshwa na mashabiki wanaosifu kitu kwa sababu tu ni adimu. Historia inaeleza kwa nini albamu haikusikika. Haielezi kwa nini tuisikilize leo. Hoja hizo mbili ukizichanganya, marafiki zako watakukamata kwa urahisi, na watakuwa na haki.

Vilevile tenganisha albamu iliyopuuzwa wakati wake na ile inayopuuzwa hadi sasa. Big Star leo wanaheshimiwa kila mahali, na ukiwaita bendi iliyosahaulika kuna mtu atakucheka. Kama unatafuta waliosahaulika kweli, angalia nje ya Marekani na Uingereza. WITCH wa Zambia walitoa albamu yao Introduction mwaka 1972 na Lazy Bones!! mwaka 1975, roki yenye gita la kukwaruza juu ya besi inayotembea bila kuchoka, na katika nchi nyingi hakuna aliyewasikia hadi zilipoanza kutolewa upya miongo mitatu na zaidi baadaye. Bei ya shaba iliporomoka, uchumi wa Zambia ukayumba, na soko la bendi likayumba nao. Ukimwi ukaja ukawachukua wengi wa wanamuziki wa kizazi kile. Mwimbaji wao, Emmanuel Chanda anayejulikana kama Jagari, ndiye aliyebaki kati ya waasisi, na mwaka 2023 alitoa albamu mpya kwa jina la bendi ile ile, Zango. Chujio gani hapo lilikuwa linapima muziki?

Mama Kinanda

Kaka, kwa kikundi kama chako ningeanza na Odessey and Oracle ya The Zombies. (Neno la kwanza liandike hivyo hivyo unapoitafuta. Mchoraji wa jalada alikosea tahajia na kosa likaachwa.)

Waingereza hawa waliirekodi kwa sehemu kubwa mwaka 1967 katika studio za EMI za Abbey Road, na ilipotoka mwaka 1968 walikuwa wameshavunja bendi. Nchini Marekani kampuni ya Columbia haikuwa na hamu nayo mpaka mwanamuziki Al Kooper, aliyekuwa akifanya kazi hapo, alipoishikia bango. Mwaka uliofuata wimbo wa mwisho wa albamu ukapanda hadi nafasi ya tatu kwenye chati za Marekani, bendi ikiwa haipo tena. Hicho kizuri hakikujiuza. Kiliuzwa na mtu mmoja aliyekataa kunyamaza.

Lakini Besi Nzito amesema kweli, sikio ndilo liamue. Wimbo wa kwanza una piano changamfu na sauti za kuitikiana ambazo utadhani ni za watu wanaokwenda harusini, na mashairi yake ni barua kwa mpenzi anayekaribia kutoka gerezani. Mbele zaidi kuna wimbo wa askari wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, unaoimbwa kwa sauti inayotetemeka juu ya kinanda cha kupulizwa kwa miguu, bila ngoma wala gita. Waombe wenzako wakuonyeshe albamu maarufu ya mwaka huo inayobeba hali mbili zilizo mbali kiasi hicho bila kupasuka katikati. Hapo mtakuwa mnajadili kitu mlichokisikia wote.

Upande wa Pili

Msisahau kwamba hata bendi kubwa zina albamu zilizopuuzwa. The Kinks walitoa The Kinks Are the Village Green Preservation Society tarehe 22 Novemba 1968, siku ile ile The Beatles walipotoa albamu yao yenye jalada jeupe, na haikuingia kwenye chati za Uingereza wala Marekani.

Mpenda Santuri

Nawashukuru sana. Nimeamua kuanza na The Zombies, kisha zamu itakayofuata niwapelekee Lazy Bones!!. Swali langu la mwisho: historia niieleze kabla ya kusikiliza, au baada?

Mama Kinanda

Baada, tafadhali. Ukitanguliza kisa cha bendi iliyovunjika, watasikiliza kwa huruma, na mwenye shaka atasikiliza kwa ukaidi. Usiwatajie hata mwaka. Wapigie albamu yote, waache waseme walichosikia, na wakikuuliza kwa nini hawakuifahamu, ndipo uwaeleze habari za Al Kooper.

Besi Nzito

Nakubaliana na dada. Ninaongeza jambo moja tu: ukiweza, ipigeni mara mbili. Kuna nyimbo mbili au tatu katikati ya albamu hiyo ambazo mara ya kwanza hupita kimya kimya, na mara ya pili ndizo watu huomba zirudiwe.