Kiwanda kikubwa cha palpu Nyanda za Juu Kusini: tukitake au tukikatae?

Wakuu salama? Juzi kijiweni tumebishana mpaka chai ikapoa. Wengine wanasema huku Mufindi na Njombe miti ni ya kumwaga, aletwe mwekezaji ajenge kiwanda cha maana cha palpu (ule uji wa mbao wanaotengenezea karatasi), ajira zitajaa na vijana wataacha kukimbilia Dar. Wengine wanasema kitatuulia mito. Mimi nakitaka, ila sio kwa sababu ya ajira, mnipige spana.

Pale Paso de los Toros, Uruguay, walifungua kimoja 2023, tani milioni 2.1 za palpu kwa mwaka, maelfu ya watu walikuwepo wakati wa ujenzi, zege lilipokauka wengi wakafunga virago, mle ndani kazi kubwa inafanya mashine. Tena serikali yao ikabidi ihangaike na reli ya kilomita 273 ya kubebea palpu hadi bandari ya Montevideo. Sisi reli ya TAZARA inapita Mgololo kabisa, hapahapa Mufindi, na kiwanda cha karatasi kipo pale tangu 1985 enzi za Southern Paper Mills, mali ya umma, miaka ya 1990 kikazima, 2004 kikauzwa. Kwahiyo sio kitu kigeni kwetu.

Hela ipo kwenye mti. Mtu ana ekari zake tatu za paini, mtoto kapata chuo, anaita dalali, dalali anazunguka shamba mikono nyuma, hana hata tepu, anataja bei ya shamba zima, basi, paini za miaka nane zinaangushwa zinaingia dingdong (vile vimashine vidogo vya kupasulia mbao) zinatoka mbao nyembamba ambazo hata fundi wa kenchi anazikunjia uso. Na vile vijiti vya kupunguzia (miti myembamba inayokatwa ili iliyobaki ipate nafasi) vinaozea palepale au vinakuwa kuni. Palpu haichagui unene, vijiti vinaliwa, na vinapimwa kwa tani kwenye mizani. Mkulima akipata hela ya vijiti mapema anaweza kuacha miti mikubwa ikomae. Faida ya mkoa ninayoiona ni hiyo.

Jamaa mmoja akanibana, akasema mnunuzi akiwa mmoja mkubwa si ndo atatupangia bei? Hapo sikubisha. Webuye kule Kenya kiwanda cha karatasi kilianza miaka ya 1970, mji mzima ukakiegemea, 2009 kikafunga wenye maduka na nyumba za kupanga wakabaki wanatazamana. Ndo maana nasema bei ya tani iandikwe kwenye mkataba na wakulima kabla hata msingi haujachimbwa, na wenye dingdong na wenye mashine za veneer (zile karatasi za mbao za kutengenezea plywood) wasifungiwe, mkulima abaki na pa kukimbilia.

Mto nao nisiuruke. Mbao zinapikwa na magadi makali na kemikali za salfa, harufu yake ni yai viza, watu wa Webuye walilalamika hadi mabati kuliwa na kutu. Mitambo ya kusafisha maji ipo, ni gharama tu, swali ni nani atapima yanayotoka bombani saa nane usiku.

Sasa mlioko jirani na Mgololo, hebu semeni ukweli, fuso la vijiti mnalipwaje, na usafiri anabeba nani?