Batmobile ya Corgi kutoka Kibuye: nipake rangi upya au niiache ilivyo?

JuuYaZiwa, Kisumu

Hamjambo ndugu. Mimi hukusanya magari madogo ya chuma yaliyotengenezwa kwa mfano wa magari ya vipindi vya zamani vya televisheni, na kwa kuwa sijapata duka linaloyauza hapa Kisumu, mengi huyapata kwa kupekua marundo ya vichezeo vya mitumba katika soko la Kibuye. Jumapili iliyopita niliibuka na Batmobile nyeusi, yaani gari la Batman, ambayo muuzaji aliitaja shilingi 500 nasi tukaafikiana 300. Chini yake pameandikwa Corgi Toys na kwamba imetengenezwa Uingereza. Rangi imebanduka kwenye kingo za mapezi ya nyuma hadi chuma kinaonekana, plastiki ya kioo imepasuka, na hakuna kombora hata moja, ingawa vijisanamu vya Batman na Robin vingali vimeketi mahali pake. Nikibonyeza kitufe kilicho kwenye boneti, msumeno wa mbele unachomoza bila kukwama.

Naomba msaada kwa mambo matatu. Nitajuaje kwamba ni ya zamani kweli, na wala si nakala ya juzi? Je, nimpe fundi wa rangi aliye karibu na kwangu, ambaye amekubali kuipulizia nyeusi mpya kwa bei nafuu? Na je, unyevu huu wa ziwani hauwezi kuiharibu?

Makanga Mstaafu, Nakuru

Ndugu, hongera, na tafadhali usimpelekee fundi huyo kabla ya kusoma haya.

Corgi lilikuwa jina la biashara la kampuni ya Mettoy, iliyoanza kutengeneza magari hayo mwaka 1956 kule Swansea, Wales. Batmobile yao, yenye nambari 267, ilitoka mwaka 1966, mwaka uleule ambao kipindi cha Batman cha Adam West kilianza kuonyeshwa Marekani. Ilizalishwa kwa miaka mingi na kubadilishwa kidogo kidogo, kwa hiyo swali lako la umri litajibiwa na gari lenyewe ukiligeuza huku na huku kwenye mwanga wa jua. Tazama magurudumu: yale ya mwanzo yana alama ndogo nyekundu ya popo katikati ya rimu. Tazama nyuma: gari lisilo na ndoano ya kuvutia ni la awali zaidi, kwa maana ndoano iliongezwa walipoleta boti ya Batboat, iliyovutwa kwa trela. Kisha lisukume polepole mezani uone kama ule mwali wa moto wa nyuma unaingia na kutoka, jambo ambalo matoleo ya mwanzo yalilifanya.

Muhimu kuliko yote ni ribiti, yaani pini za chuma zinazoshikilia bamba la chini. Ribiti ya kiwandani ni laini na imejaa. Ikiwa imetobolewa kwa drili, au mahali pake pamewekwa skrubu, basi mtu amewahi kulifungua gari hilo, na hapo yafaa ujiulize ni vipuri vipi vya ndani vilivyobadilishwa.

Kuhusu rangi, msimamo wangu ni mmoja: iache. Mnunuzi anayejua anachokitafuta atalichukua gari lenye rangi yake halisi iliyobanduka mapezini na kulipita lile linalong'aa kwa rangi ya dukani, kwa sababu rangi ya kiwandani ikishafunikwa hairudi. Isitoshe, bunduki ya rangi ya fundi wa magari makubwa hupuliza tabaka nene. Mistari myembamba ya milango itazibika, na ile stika ya popo iliyo mlangoni itapotea kabisa.

Makombora hayo madogo ndiyo yaliyopotea kwanza katika kila nyumba, kwani ukizungusha kile kigurudumu kidogo kilicho nyuma ya viti, huruka moja moja kutoka kwenye mirija mitatu, na mtoto gani angeyaokota yote? Habari njema ni kwamba makombora, tairi na hata vioo vya Batmobile hutengenezwa upya na kuuzwa mtandaoni. Kagua gharama zote kabla ya kuagiza, maana VAT ya asilimia 16 hutozwa juu ya bei, nauli na ushuru kwa pamoja.

Fundi Rangi, Kitale

Mzee wa Nakuru, nakuheshimu, ila si kila mtu hukusanya ili auze. Gari la shilingi 300 lililochubuka ni mahali pazuri pa kujifunzia kazi, na mimi nimeyafufua mengi kwa kuondoa rangi yote, kupaka praima ya chuma, yaani rangi ya msingi, na kupuliza tabaka nyepesi nne au tano. Gari la kipindi cha Knight Rider au lile gari kubwa la A-Team, hasa matoleo ya kisasa ya chapa ya Hot Wheels, unaweza kuyapaka utakavyo bila historia yoyote kuumia.

Makanga Mstaafu, Nakuru

Fundi, kwa Hot Wheels ya kisasa hatuna ugomvi. Lakini Mettoy ilianguka mwaka 1983, na Meccano ya Liverpool, waliotengeneza magari madogo ya Dinky, yakiwemo FAB 1 ya waridi ya Lady Penelope na Thunderbird 2 za kipindi cha Thunderbirds, walifunga kiwanda mwaka 1979. Jifunzie kwenye lile ambalo kesho utaweza kulinunua tena dukani.

Mwalimu wa Kemia, Kakamega

Niruhusuni nijibu suala la unyevu, kwa kuwa naona limeachwa. Magari haya humiminwa kwa zamak, ambayo ni zinki iliyochanganywa na alumini, magnesi na shaba. Ugonjwa wake mbaya hutokea pale risasi kidogo inapoingia kwenye mchanganyiko kiwandani: chuma huoza kutoka ndani, huvimba, hupasuka, na hatimaye humeguka kama biskuti. Unyevu na joto huharakisha uozo huo, lakini haviuanzishi, na hakuna dawa inayouponya. Waathirika wakubwa ni Dinky za kabla ya Vita Vikuu vya Pili. Corgi ya miaka ya 1960 haina sababu ya kukukosesha usingizi, isipokuwa uone nyufa nyembamba zinazotambaa chini ya rangi.

Unachopaswa kuhofia Kisumu ni ekseli za chuma cha kawaida kushika kutu. Osha gari kwa mswaki laini wenye povu jepesi la sabuni, usilizamishe majini, usiguse stika, kisha likaushe kwa feni siku hiyohiyo. Petroli na thina visikaribie kabisa plastiki hiyo ya kioo. Hifadhi kwenye kasha la plastiki lenye mfuniko, pamoja na vile vifuko vya silika vya kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, ila uweke kipande cha karatasi chini ya magurudumu, maana tairi zikikaa muda mrefu juu ya plastiki hutoa kemikali inayoiyeyusha na kuacha alama.

JuuYaZiwa, Kisumu

Ahsanteni sana, wazee wangu. Ribiti zote ni nzima, ndoano ipo, na popo wekundu wako kwenye rimu zote nne. Rangi haitaguswa, nitaagiza kioo na makombora tu. Swali la mwisho kwa Mzee wa Nakuru: kuna mtu wa mtaa wa Section 58 huko kwenu anayeuza Ford Gran Torino nyekundu ya Starsky na Hutch, pia ya Corgi, na ameitisha bei inayonitia wasiwasi. Nitazame nini?

Makanga Mstaafu, Nakuru

Hiyo ni nambari 292, ya mwaka 1977. Kwanza kagua mstari mweupe ubavuni, usiwe umeguswa kwa brashi. Halafu uliza sanamu: ilikuja na tatu, yaani Starsky, Hutch na mhalifu wao, nazo zilisimama nje ya gari, hivyo nyingi zimepotea. Asipokuwa nazo, mwambie apunguze bei bila haya. Akiwa nazo zote, mlipe alichoitisha, na kama hutaki, nitumie ujumbe leo hii.